Kusoma Kichwa cha Samaki: Namna ya Kukagua Macho, Pua, Sharubu na Vitundu ili Kujua Samaki Aliishi Sakafu Ipi ya Bahari

Weka mkundaji na kifuu ubavu kwa ubavu mezani. Huenda wametoka bandari moja, hata dema moja. Mkundaji ana sharubu mbili nene chini ya kidevu na jicho la wastani. Kifuu hana sharubu hata moja, lakini jicho lake limechukua sehemu kubwa ya kichwa. Mkundaji hupata riziki kwa kupapasa mchanga, na kifuu hutoka pangoni usiku kuwinda kwa mwanga hafifu. Maisha yao yameandikwa kichwani, na mtu akijifunza kuyasoma hahitaji maabara.

Kanuni inayoongoza kazi hii ni kwamba kiungo cha hisia ni ghali. Retina ya jicho, utando wa ndani unaopokea mwanga, hula nguvu nyingi, na sehemu ya ubongo inayoihudumia nayo hula. Samaki hawezi kuwa na kila hisia kwa ukali wa juu kabisa, kwa hiyo kila aina imekuza hisia ile ambayo sakafu yake inailisha habari. Maji ya tope hayalishi jicho. Mchanga uliofunika mnyoo haulishi jicho pia, ila unalisha ladha, mguso na umeme.

Anza na sakafu, si na samaki

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kumpasua samaki kabla ya kujua alikotoka. Muulize mvuvi mambo manne: pima ngapi, chini kuna nini, chombo kilitegwa na kuinuliwa saa ngapi, na maji yalikuwaje. Pima moja ni karibu m 1.8. Swali la saa lisikupite, maana samaki wa mchana na wa usiku kwenye mwamba uleule hutofautiana macho kuliko samaki wawili wa sakafu tofauti wanaokula saa moja.

Ukiweza kufika mahali penyewe, pima mwanga kwa sahani ya Secchi, kifaa kilichopewa jina la Angelo Secchi aliyekijaribu mwaka 1865. Kwa bahari tumia sahani nyeupe ya kipenyo cha sm 30. Ifunge uzito wa kutosha chini, kisha uitie kamba yenye alama kila nusu mita. Ishushe upande wa kivuli wa chombo, karibu na adhuhuri, bila kuvaa miwani ya jua. Andika kina inapopotea machoni, ivute taratibu, andika inapoonekana tena, kisha chukua wastani. Kamba ikilala kwa sababu ya mkondo, kipimo kitakuwa kikubwa kuliko ukweli. Ongeza uzito au subiri maji yasimame. Usilinganishe kipimo cha bamvua na cha maji mafu, kwa kuwa mikondo ya bamvua huchimbua tope na kulipandisha. Wakati wa kusi nao usiuchanganye na wa kaskazi.

Rangi ya mwanga ina uzito kama wingi wake. Maji humeza nyekundu kwanza, na kwenye m 10 hadi 15 imebaki kidogo sana. Katika bahari safi, mwanga unaofika mbali zaidi ni wa buluu, wenye wimbi la karibu nanomita 475. Mbele ya mito kama Rufiji na Sabaki hali hugeuka: tope na mabaki ya majani humeza buluu, hubaki kijani na manjano. Samaki wa kina wana rangi za retina zinazoikamata buluu vizuri, na wa maji ya pwani yenye tope huelekea kwenye kijani. Hilo halionekani kwa macho yetu mezani, lakini linaeleza kwa nini jicho zuri la bahari kuu linaweza kuwa bovu mtoni.

Kujua sakafu bila kuzamia, paka grisi chini ya chubwi, ile risasi ya kuzamishia kamba, na uiguse chini. Mchanga utanata kama punje, tope litaacha doa laini, na mwamba hautaacha kitu ila grisi itakwaruzika. Rudia mara 3 kwa umbali wa hatua chache. Kwenye vilima vya matumbawe, chubwi moja inaweza kuangukia kiraka cha mchanga ukadhani eneo zima ni mchanga.

Vifaa, na samaki wa kuanzia

Unahitaji rula ya milimita au kalipa, kioo cha kukuzia mara 10, kibano chenye ncha nyembamba, wembe, tochi, mrija wa soda, kitambaa kikavu, rangi ya buluu ya chakula, beseni jeupe na glavu nene. Ukitaka kuhifadhi sehemu za pua, tafuta ethanoli ya asilimia 70.

Nunua vichwa tu kama bei inakubana. Seti nzuri ya kwanza ni mkundaji, kifuu, changu, mkunga, hongwe, gayogayo na taa mdogo. Majina haya hubadilika bandari hadi bandari, hivyo piga picha ya kila samaki kabla ya kumkata. Chagua waliovuliwa siku hiyohiyo, na usiache barafu iguse macho. Wafunge kwa kitambaa kilicholowa. Jicho lililogandishwa hupata ukungu kwenye lenzi, na baada ya hapo mengi yatakayoelezwa hapa hayaonekani tena.

Kuna hatari za kuzingatia. Taa ana mwiba wa sumu mkiani, na sumu haiishi kwa samaki kufa: ukate mwiba kwanza kwa koleo. Hongwe ana miiba yenye meno kwenye pezi la mgongo na mapezi mawili ya kifuani. Akikuchoma, tumbukiza kidonda katika maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Jaribu joto la maji kwa mkono usiochomwa, kwa kuwa uliochomwa umekufa ganzi na unaweza kuungua bila kujua. Bunju mwache kabisa. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na hata ngozi, na wembe uliomkata ukirudi jikoni ni msiba.

Jicho: pima kabla ya kusifu

Pima urefu wa kichwa kutoka ncha ya taya la juu hadi ukingo wa nyuma wa kifuniko cha matamvua. Pima kipenyo cha jicho kwa mlalo, kutoka ukingo wa mfupa hadi ukingo wa mfupa. Gawanya jicho kwa kichwa, zidisha kwa 100. Kichwa cha mm 80 chenye jicho la mm 20 kinakupa asilimia 25.

Namba hiyo ina mitego mitatu. Samaki ambaye hajakomaa ana jicho kubwa kwa uwiano kuliko mzima wa aina ileile, kwa hiyo linganisha samaki wa urefu unaokaribiana. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka kina huvimba macho kwa gesi, ndiyo sababu ya kupima kwenye mfupa na si kwenye mboni iliyotokeza. Mtego mkubwa zaidi ni wa ukoo: kulinganisha taa na changu kwa asilimia ya jicho hakuna maana, kwa kuwa vichwa vyao havikujengwa kwa ramani moja. Linganisha ndugu na ndugu, changu na changu, chewa na chewa, halafu tafuta tofauti ya makazi.

Baada ya ukubwa, tazama mahali jicho lilipo. Lililo juu ya kichwa ni la samaki anayelala sakafuni, kama taa na gayogayo. Lililo ubavuni ni la anayeogelea juu ya sakafu. Kikande ana jicho lililo juu na nyuma sana, mbali na mdomo, na hilo linamfaa kwa kuwa hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu. Mdomo unaingia hatarini, jicho linabaki nyuma. Yule samaki mdogo wa mikokoni anayeruka matopeni maji yakitoka amebeba macho juu ya utosi kama chura, na huyavuta ndani ya vishimo vyake ili yalowe, kisha huyatoa tena. Ukimtazama akifanya hivyo mara kwa mara, ujue anafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na kope na machozi.

Sasa toa lenzi. Pasua konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, kwa wembe, bonyeza kando ya jicho, na itatoka duara kamili kama ushanga. Ile punje nyeupe ngumu inayokutana na jino kwenye kichwa cha samaki aliyepikwa ndiyo hii, imegandishwa na moto. Ni duara kwa sababu konea chini ya maji haipindi mwanga. Kazi yote ya kukaza picha iko kwenye lenzi. Samaki wenye mifupa hukaza picha kwa kuisogeza lenzi mbele au nyuma kwa msuli, hawaibinui kama sisi. Umbali kutoka katikati ya lenzi hadi pale picha inapokaa ni takriban mara 2.55 ya nusu kipenyo chake. Lenzi ya mm 8 inahitaji retina iliyo karibu mm 10 kutoka katikati. Ukipata jicho lisilofikia umbali huo, uwezekano mkubwa ni kwamba limebonyea au limekauka, na kipimo chake ukitupe.

Kwa taa na papa, shika tochi sambamba na jicho lako mwenyewe uimulike mboni. Mng'ao unaorudi unatoka kwenye tabaka la nyuma ya retina linaloakisi mwanga ili upite kwenye seli mara ya pili. Usipouona, usiseme halipo: baadhi ya papa hulifunika tabaka hilo kwa rangi nyeusi wakiwa kwenye mwanga mkali. Kwa taa, tazama pia kijipazia chenye pindo kinachoning'inia kutoka ukingo wa juu wa mboni. Kinamkinga na mwanga wa jua unaotoka juu wakati amelala kwenye mchanga mweupe, unaorudisha mwanga mwingi.

Mchanga: hapa ndipo penye mengi ya kuona

Kwenye mchanga chakula kingi kimejifukia. Samaki aliyekubali maisha haya lazima apate njia ya kuhisi kitu asichokiona.

Mkundaji ndiye mwalimu bora. Vuta sharubu zake kwa kibano: zina msuli, hazining'inii tu. Akiogelea huzikunja kwenye mfereji chini ya koo, akila huzishusha na kuzitembeza mchangani kama vidole. Uso wa sharubu umejaa vionjio, kwa hiyo anaonja chakula kabla hakijafika mdomoni. Kausha sharubu kwa kitambaa, paka tone la rangi ya buluu, suuza, kisha tazama kwa kioo: ngozi yake ni ya vinundu vinundu, tofauti na ngozi laini ya shavu. Pima urefu wa sharubu kwa urefu wa kichwa kama ulivyofanya kwa jicho. Sharubu hukatika nyavuni; ncha iliyo butu au nyeusi ni jeraha, pima ile nyingine.

Ukipata nafasi ya kumtazama akiwa hai, kaa juu ya kiraka cha mchanga kwa dakika 10 bila kupiga mapezi, umbali wa m 3 hivi. Mkundaji mmoja mara nyingi hufuatwa na samaki wengine wasio na sharubu, wanaonyakua kinachoruka akichimba. Hao wanatumia sharubu za mwenzao. Mzamiaji akitibua mchanga, samaki hao humfuata yeye, na hapo anachokiona si tabia yao ya kawaida tena.

Gayogayo alizaliwa mnyoofu kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Akiwa bado mdogo, jicho moja huhama hadi upande wa pili, kisha hulala juu ya ubavu ule uliobaki bila jicho. Weka kichwa chake mbele yako na utazame njia ya mfupa. Umepinda kufuata safari ya jicho. Kuna jamii moja, Psettodes, iliyopo pia mwambao wetu, ambayo jicho huishia karibu na utosi, haliendi mbali zaidi. Halafu geuza ubavu wa chini. Baadhi ya jamii za samaki hawa wana vinyweleo vya ngozi upande wa chini wa kichwa, vya kupapasia. Mfano unaojulikana vizuri ni wa bahari za Ulaya: Solea solea, anayekula usiku, ana vinyweleo hivyo na macho madogo, ilhali Pleuronectes platessa, anayekula mchana, ana macho makubwa na hutegemea kuona. Wote ni samaki bapa wa mchanga. Saa ya kula ndiyo iliyowatenganisha.

Taa amekwenda mbali zaidi. Macho yako juu, mdomo uko chini, hivyo haoni anachokitia mdomoni. Mlaze chali. Kuzunguka mdomo utaona vitundu vingi vidogo. Kausha ngozi vizuri, kisha bonyeza kwa kidole: utelezi mzito, wa wazi, utachuruzika kutoka kwenye vitundu. Hizo ni ampula za Lorenzini, zilizoelezwa na Stefano Lorenzini mwaka 1678 bila kujua kazi yake. Kila kitundu ni mdomo wa mfereji uliojaa utelezi unaopitisha umeme, na mwisho wake una seli zinazohisi tofauti ya volti. Papa na taa wanaweza kuhisi uga wa umeme wa kiasi cha nanovolti 5 kwa sentimita. Mnyoo au samaki aliyejifukia hawezi kuzima umeme wa misuli na matamvua yake.

Uthibitisho ulitolewa na Adrianus Kalmijn mwaka 1971. Alimfukia samaki bapa ndani ya chumba cha agari, aina ya jeli, kilichopitisha umeme lakini si harufu moja kwa moja. Papa mdogo alimpata palepale. Alipofunika chumba kwa utando mwembamba wa plastiki unaozuia umeme, papa alipita juu bila kusimama. Alipofukia elektrodi peke yake, papa aliichimba.

Chora ramani ya vitundu: piga picha, weka alama kwa kalamu kwenye karatasi, hesabu upande wa mdomo na upande wa mgongo. Taa anayelala sakafuni ana vingi upande wa chini. Kosa la wengi ni kuhesabu kila kitundu kama ampula. Vile vilivyopangwa kwa mstari ni vya mifereji ya mwendo wa maji, na ukibonyeza havitoi utelezi mzito. Tundu kubwa nyuma ya kila jicho nalo halihusiki na hisia: taa huvutia maji ya kupumua kupitia hapo, asije akavuta mchanga.

Mstari wa ubavuni: pulizia kwa mrija

Mstari unaoonekana ubavuni ni safu ya vitundu vya mfereji wenye nyuromasti, vifundo vya seli zenye vinyweleo vinavyopinda maji yakisogea. Nyingine ziko wazi juu ya ngozi bila mfereji. Zilizo wazi huhisi kasi ya maji, zilizo mferejini huhisi mabadiliko ya ghafla. Hisia hii haifiki mbali, ni kama urefu wa mwili mmoja au miwili.

Vitundu vya kichwani havionekani samaki akiwa amelowa. Kausha kichwa kwa kitambaa, kisha pulizia kwa mrija wa soda kutoka kando, umbali wa sm 2. Hewa huondoa maji mdomoni mwa kila kitundu na vitundu huonekana kama nukta nyeusi. Fuata safu tatu: juu ya jicho, chini ya jicho, na kwenye taya la chini.

Soma upana wake kwa kuzingatia kelele ya maji. Mahali penye mawimbi na mikondo, kama ukingo wa nje wa mwamba, samaki wengi wana mifereji myembamba yenye vitundu vidogo, kwa sababu hisia kali ingezidiwa na msukosuko. Mahali palipotulia, mifereji mipana na nyuromasti za wazi zinafaa, maana kila tetemeko dogo lina maana. Kilele cha hali hiyo kiko kwenye kina kirefu, ambako samaki wa jamii ya Macrouridae, wenye mkia mwembamba kama wa panya, wana vichwa vyenye mifereji mipana hadi mfupa huonekana kama mapango. Ngozi ya juu ni laini na hupasuka wavu ukipanda, kwa hiyo mashimo makubwa kichwani mwao yasikutishe wala yasikudanganye kuwa ni maradhi.

Mwamba wenye mianya: pua

Mchana kwenye matumbawe macho hutawala na rangi zina maana, ndiyo maana kipepeo na pono wamepambwa vile. Hapo hakuna mengi ya kupima zaidi ya jicho. Habari iko ndani ya mianya.

Mkunga ana vibomba viwili vinavyochomoza mbele ya mdomo. Ni pua za mbele. Za nyuma ziko karibu na macho. Maji huingia mbele, hupita kwenye chumba kirefu, hutoka nyuma. Pasua ngozi kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, fungua, zamisha kichwa kwenye beseni jeupe. Ndani ya maji vikunjo vya pua vitajitandaza kama kurasa za kitabu. Nje ya maji hugandamana na utahesabu nusu yake. Hesabu kwa kibano, upande mmoja mara mbili. Fanya vivyo hivyo kwa changu na uone tofauti ya urefu wa chumba.

Chewa na mkunga wanaonyesha vizuri mipaka ya hisia. Katika Bahari ya Shamu, utafiti wa Redouan Bshary na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza jinsi chewa anayewinda kwa macho mchana, windo likikimbilia mwanyani, anavyokwenda kwa mkunga na kutikisa kichwa mbele yake. Mkunga humfuata na kuingia mwanyani. Anayekimbia mkunga hukutana na chewa nje, anayekimbia chewa hukutana na mkunga ndani.

Tope na mikoko

Hongwe ana jicho dogo na kwa kawaida jozi tatu za sharubu. Jamaa yake wa jamii ya Plotosus ana jozi nne, na pia ana viungo vya kuhisi umeme, ingawa ni samaki mwenye mifupa. Watafiti wa Japani na Marekani, akiwemo John Caprio, walionyesha mwaka 2014 kwamba sharubu za Plotosus japonicus huhisi kushuka kwa pH, kipimo cha asidi, kwa chini ya 0.1 katika maji ya bahari. Mnyoo ndani ya shimo hutoa hewa ya kaboni, maji kando yake huwa na asidi kidogo zaidi, na samaki humpata gizani kwa alama hiyo.

Kwenye sakafu kama hii angalia pia sikio. Kambare na hongwe wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, hivyo husikia vizuri kuliko samaki wengi wa mchangani. Kutoa kijiwe cha sikio, kata utosi kwa mlalo nyuma ya macho, fungua kama kifuniko, inua ubongo kwa kibano, na utaona vijiwe vyeupe kwenye vifuko pande mbili. Kwa changu kijiwe kikubwa ni kile kiitwacho sajita. Kwa hongwe kikubwa ni lapilo, na wengi hukosea hapa wakaandika jina lisilo lake. Nguru, mwogeleaji wa maji ya kati, ana vijiwe vidogo vinavyovunjika upesi. Vioshe, vikaushe, viweke kwenye bahasha. Usivitie kwenye fomalini ya kawaida: ina asidi, itavila.

Kina

Mwanga wa jua unaotosha kuonea hufika karibu m 1,000 katika maji safi sana. Hadi hapo macho huelekea kukua. Chini zaidi hubaki mwanga wa viumbe wenyewe tu, na kwenye sakafu njia huachana. Macrouridae wengi wamebaki na macho makubwa, wakaongeza sharubu ya kidevuni. Samaki wa jamii ya Bathypterois wana macho madogo mno. Husimama sakafuni juu ya miali mitatu mirefu ya mapezi na kuinua mapezi ya kifuani mbele, kupokea kinacholetwa na mkondo. Kwa hiyo msemo kwamba samaki wa kina ana macho makubwa ni kweli nusu ya njia tu.

Silikanti, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1938 kuwa bado anaishi baada ya Marjorie Courtenay-Latimer kumwona East London, Afrika Kusini, ana kiungo cha kuhisi umeme ndani ya pua yake, chenye utelezi na jozi tatu za matundu ya nje, pamoja na tabaka la kuakisi mwanga machoni. Huko Tanga ameshanaswa kwenye majarife ya kina, na hifadhi yake ilianzishwa mwaka 2009. Yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Huyu hapasuliwi kwa mazoezi. Akinaswa, piga picha ya kichwa kutoka pande zote, andika kina na mahali, mpigie ofisa uvuvi.

Kufikia uamuzi

Usitoe hukumu kwa kiungo kimoja. Taka viungo viwili visemavyo jambo moja, kisha fungua tumbo. Minyoo na mchanga tumboni mwa samaki mwenye sharubu vinakubaliana. Samaki wa dema umwangalie kwa shaka, kwani huenda amekula chambo au wenzake waliokuwa ndani. Kinachoaminika ni kile kilichokwisha kusagika nusu.

Changu atakupa kazi ngumu kuliko wote. Hana sharubu, hana vitundu vya umeme, jicho lake si la kustaajabisha. Lakini pua ni ndefu, jicho liko juu na nyuma, kijiwe cha sikio ni kikubwa, na tumbo mara nyingi lina kaa na konokono. Wengi wa jamii yake hukaa karibu na mwamba mchana na kutawanyika kwenye mchanga na nyasi za bahari usiku. Ukiandika kwenye daftari neno "mwamba" kwa sababu mvuvi alimtoa hapo saa 6 mchana, umeandika anapopumzika. Andika sakafu mbili, ya kulala na ya kula, na mbele ya kila moja andika saa.